Soksi za Viti

Darasa la Pili A na darasa la Pili B yalikuwa chumba kimoja. Katikati zilisimamishwa mbao mbili nyeusi, zimepeana migongo kama mke na mume waliogombana, na hizo ndizo zilizoitwa ukuta. Upande huu walikaa watoto themanini na wanane na Mwalimu wao. Upande ule watoto themanini na watatu na mwalimu mwenye kifua kipana na sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto, ambaye shule nzima ilimwita Tarumbeta na mwenyewe akaitika. Juu yao mabati matupu, dari hakuna. Mtoto wa huku akipiga chafya, wa kule anasema afya.

Sasa fikiria masomo yenyewe. Huku, "Mbili mara tatu!" Kule, "Ba, be, bi, bo, bu!" Mwalimu akipandisha sauti ili watoto wake wamsikie, Tarumbeta naye anapandisha, na watoto wa pande zote mbili wanaitikia kwa nguvu zao zote, maana mtoto ukimruhusu kupiga kelele hahitaji kubembelezwa. Aliyepita njiani angedhani humo ndani kuna arusi. Mwalimu Mkuu alipita mara nyingi, na alipenda alichokisikia. "Darasa lililo kimya ni darasa lisilofundishwa," alisema katika kila kikao. Mwisho wa muhula uliopita alimpa Mwalimu cheti chenye muhuri, kimeandikwa Darasa Changamfu. Mwalimu alikitundika mahali ambapo Tarumbeta angekiona kila akija kuazima chaki. Usidhani hakukusudia.

Alhamisi ile, wakati wa mapumziko, Tarumbeta alimfuata nyuma ya ofisi. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Dada, nina neno. Tupokezane."

"Tupokezane nini?"

"Kusema. Wewe ukifundisha kwa mdomo, wangu wanaandika. Nikifundisha mimi, wako wanaandika. Nusu saa kwa nusu saa. Mimi koo limekwisha. Juzi nimetema mate yana damu."

"Damu?"

"Kidogo. Na wewe masikio yako usinifiche. Nakuona unavyojishika kichwa kengele ikilia."

Ni kweli alikuwa akijishika. Masikioni mwake waliishi nyenje. Walianza mwaka juzi kama wageni, wakiimba jioni tu, na sasa walikuwa wenye nyumba. Kwenye zahanati waliwahi kumwambia apunguze kelele, kana kwamba kelele ni chumvi. Lakini mbele ya Tarumbeta, na cheti kile ukutani, Mwalimu alicheka.

"Kumbe tarumbeta limetoboka! Sema tu umeshindwa, kaka. Mwalimu Mkuu akipita akute wangu wamenyamaza kama wako msibani, atasema nini?"

"Atasema wanaandika."

"Atasema nimelala. Na vyeti vinatolewa tena mwezi ujao."

Tarumbeta alimtazama kidogo, akapangusa chaki kwenye suruali. "Haya, mama. Tuendelee kuvuma," akasema, akarudi darasani kwake. Dakika tano baadaye Mwalimu alimsikia akianza, "Ba, be, bi," na koo likimkatika kwenye bo. Aliwageukia watoto wake, akawaambia waongeze sauti.

* * *

Alipofika nyumbani ilikuwa yapata saa nane na nusu. Mumewe, fundi wa cherehani, alikuwa barazani akimalizia suti ya mteja. Alipomwona mkewe anakata kona aliondoa miguu kwenye pedali. Hakuambiwa, alizoea. Mwalimu alimpita kwa kuinua mkono tu, maana kufikia saa hiyo hata salamu ilikuwa inamuuma.

Mlangoni mwa chumba cha kulala palikuwa na msumari, na kwenye msumari palitundikwa taulo la bluu. Taulo likiwa pale hakuna wa kusema. Mwanzoni ilikuwa nusu saa. Baadaye ikawa saa nzima, kisha ikawa mpaka Mwalimu aamke mwenyewe, na hakuna aliyekumbuka siku ilipobadilika. Kwa kuwa cherehani haikuweza kulia wakati huo, Fundi aliutumia kupeleka nguo kwa wateja. Ndani alibaki binti yao wa miaka saba.

Walimwita Chiriku. Jina alilipata akiwa na miaka miwili, kwa kuwa mdomo wake haukufunga tangu alfajiri mpaka usingizi umchukue na neno katikati. Jina lilibaki, maneno yakapungua. Chiriku alijua kushusha mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili. Alijua kufagia bila ufagio kugonga mlango, na chafya alizimalizia kwapani. Wageni wakija, Mwalimu alijisifu. "Huyu wangu ana adabu, hutajua kama yumo." Wageni nao wakasema hongera.

Viti vya nyumba ile vilivaa soksi. Ndiyo, soksi. Sakafu ilikuwa ya sementi iliyosuguliwa ikang'aa, na kiti kikiburutwa juu yake Mwalimu aliruka kama aliyechomwa sindano. Basi Fundi akachukua mabaki ya vitambaa vya wateja, akapima miguu ya viti vinne na ya stuli ya jikoni, akashona soksi zenye mpira juu ili zisitoke. Viti vikapata za kijivu, stuli ikapata za kijani. Siku ile Mwalimu alicheka mpaka machozi.

"Fundi wewe! Umekosa watu wa kuvisha mpaka unavisha viti?"

"Hawa ndio wateja wazuri," Fundi alisema. "Hawasemi imebana."

Alhamisi ile Mwalimu aliangalia kama taulo liko sawa, akafunga mlango, akajitupa kitandani na mtandio wake wa shuleni. Ng'ambo ya barabara fundi mageti alianza kukata chuma. Alijifunika mto kichwani. Kisha, bila kutarajia, sauti ya chuma ikafifia, naye akalala.

* * *

Alipozinduka jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Saa ilisema saa kumi na nusu. Nyumba ilikuwa kimya, kimya chema, kile alichokuwa akikitamani tangu Jumatatu. Hata nyenje walikuwa wamepunguza. "Raha iliyoje," alijiambia, na badala ya kuamka akalala chali akaifaidi ile raha robo saa nzima. Robo saa hiyo ilikuja kumtesa kuliko saa zote alizokuwa usingizini, kwa sababu humo alikuwa macho.

Kisha akatoka, akatundua taulo, akaenda jikoni kunywa maji.

Chiriku alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu imenyooka mbele. Ukosi wa gauni ulikuwa mdomoni mwake, ameuma mpaka umelowa. Stuli ililala ubavu, soksi zake za kijani hewani. Mkono wa kushoto wa mtoto ulikuwa mapajani, na juu kidogo ya kiwiko ulipinda mahali ambapo mkono haupindi. Alikuwa ametoka jasho usoni kama aliyemwagiwa maji.

"Chiriku! Umefanya nini? Umeanguka saa ngapi?"

Mtoto alitema ukosi. Kwanza alichungulia nyuma ya mama yake, kwenye ule msumari, akauona mtupu.

"Ulipolala tu," akanong'ona.

"Mbona hukuniita?"

"Taulo lilikuwepo."

"Ulipanda kufanya nini huko juu?"

"Kufunga dirisha. Yule wa mageti alikuwa anakata chuma. Ungeamka."

Mwalimu alitazama juu. Dirisha la jikoni lilikuwa limefungwa, komeo limeingia vizuri. Mtoto alimaliza kazi kwanza, akaanguka wakati wa kushuka.

Hapo Mwalimu alipiga ukelele. Majirani walitoka, kwa sababu hawakuwahi kusikia sauti ndani ya nyumba ile. Fundi aliyekuwa akirudi na mfuko mtupu wa suti alikimbia, akaingia, akaona, akakaa chini papo hapo kama mtu aliyekatwa miguu. Aliyewapeleka hospitali alikuwa fundi mageti, kwa pikapu yake, vumbi la chuma bado nyusini. Alimbeba Chiriku mwenyewe akamweka mapajani pa baba yake. "Kelele zangu zile, mama, nisameheni," alisema njiani, bila kujua alichokuwa anakisema.

* * *

Kwenye chumba cha kupokelea wagonjwa Mwalimu alieleza mambo kwa sauti ya darasani. Ndiyo sauti aliyobaki nayo. Watu waliokaa kwenye mabenchi waligeuka wote.

"Mama," muuguzi alisema, "hapa hakuna kiziwi. Sema taratibu."

"Nasema taratibu!"

Mzee mmoja akacheka. Fundi alimshika mkewe kiwiko, akamalizia yeye maelezo.

Daktari alikuwa kijana. Hakuutazama mfupa kwanza, alishika vidole. Akavibonyeza, akasubiri, akavibonyeza tena. Akaweka vidole vyake viwili chini ya kiganja cha mtoto, akainamisha kichwa, na uso wake ukabadilika.

"Vya baridi hivi. Imetokea saa ngapi?"

"Saa nane na nusu," Mwalimu alisema.

"Sasa ni saa kumi na moja imepita. Mlikuwa safarini?"

"Tulikuwa nyumbani."

"Nani alikuwa na mtoto?"

"Mimi. Nilikuwa nimelala."

"Na yeye hakulia? Mfupa uliovunjika namna hii, mama, mtu mzima analia mtaa wa tatu wanasikia."

Fundi alisema, akiitazama sakafu, "Huyu halii, daktari."

Daktari aliwatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, jinsi watu wanavyowatazama wazazi wanaopiga. Mwalimu aliyaelewa yale macho. Alitaka kusema sijawahi hata kumfinya, mwulize, sijawahi. Lakini aliona kwamba neno hilo lisingesaidia, na pengine halikuwa kweli yote.

"Sasa nitaunyoosha kidogo kabla hatujaingia chumba cha upasuaji," daktari alimwambia Chiriku. "Itauma sana. Ukitaka kulia, lia. Hapa wote wanalia."

Chiriku alimtazama mama yake. Hakumtazama kwa hofu. Alikuwa anaomba ruhusa, vile wanafunzi wanavyoinua kidole kabla ya kwenda nje.

"Lia, mwanangu," Mwalimu alisema. "Lia mama, piga kelele."

Daktari akavuta. Mtoto alifungua mdomo wote, mishipa ya shingo ikasimama, na ikatoka pumzi tupu.

"Mshipa wa damu umebanwa," daktari aliwaambia nje, akivua glavu. "Tunampasua sasa hivi. Mkono naamini tutauokoa. Vidole siwezi kuwaahidi. Mngemleta saa tisa ningekuwa naongea mengine."

Walikaa kwenye benchi la ukumbini. Kitoroli kilipita, magurudumu yakilia, na Mwalimu hakujiziba masikio. Aliyaacha yalie.

"Ni soksi zangu," Fundi alisema. "Nguo juu ya sementi inayong'aa. Mimi nashona miaka yote, najua kitambaa kinavyoteleza. Sikufikiri."

"Ni taulo langu."

"Taulo ni lako, ndiyo." Hakusema kwa ukali. "Lakini nilikuwa naona. Nilimwona anavyopungua. Jioni moja nilimkuta anacheka na mwanasesere wake, kajiziba mdomo kwa mkono. Nikasema nitakuambia. Halafu nikakuona ulivyochoka, nikaenda kushona soksi nyingine."

"Ungeniambia."

"Ungenisikia?"

Mwalimu alikuwa anamfikiria Tarumbeta nyuma ya ofisi, na suruali yake yenye chaki. Nusu saa kwa nusu saa. Angesema ndiyo asubuhi ile, angefika nyumbani na masikio ya kumvumilia mtoto. Na alikataa kwa sababu ya karatasi yenye muhuri.

"Alikuja mtu kunipa dawa leo asubuhi," alimwambia mumewe. "Nikamcheka."

Fundi hakuelewa.

* * *

Mkono ulipona. Vidole viwili, cha mwisho na kinachokifuata, vilibaki vimepinda kuelekea kiganjani. Vilipewa mazoezi na mafuta ya kukandia, na daktari alisema tungoje, kwa namna madaktari wanavyosema wakiwa wenyewe hawangoji tena.

Wiki ya tatu Mwalimu alirudi kazini. Kabla ya kengele alizunguka zile mbao nyeusi, akaenda upande wa pili, ambako hakuwa amekanyaga tangu apewe cheti. Tarumbeta alikuwa anafuta ubao. Sauti yake sasa ilikuwa mkwaruzo tu.

"Pole na mgonjwa, dada."

"Ahsante. Kaka, lile neno lako. La kupokezana."

Tarumbeta angeweza kumsema. Alikuwa na haki ya kumsema mpaka mwisho wa mwaka. Alikunja tambara la ubao akaliweka mezani. "Tuanze lini?"

"Sasa hivi. Anza wewe, koo lako bovu. Wangu nitawapa waandike."

Ndiyo hivyo tu. Maji ya chai yangetelekwa, yangekuwa hayajachemka. Nusu saa ile ya kwanza Mwalimu alipita katikati ya madawati, akasikia kitu alichokuwa amekisahau, penseli themanini na nane zikikwaruza karatasi. Mtoto mmoja wa nyuma alikuwa anapumua kwa filimbi ya mafua. Hakuwahi kujua kwamba ana mafua.

Mwalimu Mkuu alipita, akasimama dirishani.

"Vipi, Mwalimu? Mbona kimya? Bado una majonzi?"

"Wanaandika, Mwalimu Mkuu."

"Ahaa," alisema Mwalimu Mkuu, akaenda zake.

Mwalimu alibaki ameshika kiti. Mwaka mzima alikuwa anaiogopa siku hiyo, na ilipofika ikawa neno moja tu, ahaa. Aligeukia ubao ili watoto wasimwone, akajifanya anatafuta chaki, na wa mbele waliona mabega yake yakitikisika, wakaendelea kuandika.

* * *

Nyumbani taulo la bluu lilikatwa vipande, likawa matambara ya kupigia deki. Msumari uling'olewa. Soksi Fundi alizichana kwa wembe, zote, akazitupa jaani, za kijani zikiwa juu. Cherehani ililia barazani mchana kutwa. Ikawa nyumba kama nyumba za watu.

Alasiri moja Mwalimu alikuwa mezani akisahihisha. Masikio yalikuwa yamepata nafuu, ingawa nyenje hawakuhama, na muuguzi alimwambia ukweli kwamba hawatahama. Chiriku alikuja kukaa naye. Alikuja na kiti chake, amekiinua kwa mkono wa kulia, kimegandamizwa tumboni, anatembea kwa ncha za vidole.

"Kiburute, mwanangu."

Chiriku alitazama mlango wa chumbani.

"Hakuna kitu pale. Kiburute tu. Kikilia kilie."

"Si kizito," mtoto alinong'ona.

"Ona, ni hivi. Mbona rahisi."

Mwalimu aliinuka, akashika kiti chake mwenyewe kwa mgongo, akakiburuta kutoka upande mmoja wa chumba mpaka upande wa pili. Miguu mitupu ya mbao ilikwaruza sementi, na ile sauti ikamwingia kichwani kama msumari. Nyenje wakaamka wote. Alikuwa amekusudia kutabasamu. Uso ulikataa. Meno yaliumana, jicho moja likajifumba lenyewe, na huo ulikuwa uso ambao Chiriku alijua kuusoma kabla hajajifunza kusoma.

Mtoto aliweka kiti chake chini, polepole, mguu mmoja baada ya mwingine. Akaja mbele ya mama yake aliyekuwa ameketi tayari, akamziba masikio kwa viganja viwili. Sikio moja likazibika kabisa. Kwenye la pili vile vidole vilivyopinda havikuweza kulala, vikaacha upenyo, na kupitia huo upenyo Mwalimu aliisikia cherehani barazani, akamsikia fundi mageti ng'ambo ya barabara, akamsikia na mtoto wake.

"Pole, mama," Chiriku alisema. "Nisamehe, sitarudia tena."